Kura Mbili za Fundi Hoza

Watu watatu wamekwisha kuniambia, kila mmoja kwa wakati wake na kila mmoja akinisihi nisimweleze mwingine, kwamba ile kura ya pili ilikuwa yake. Wa tatu alikuwa Mama Anna, mwezi uliopita, siku ya arobaini ya Bi Mwanaidi. Khitma ilikuwa imekwisha kusomwa, masinia yameondolewa, na sisi wanawake tuliobaki tulikuwa tumenyoosha miguu kwenye mikeka uani, katika ile nyumba ya Ngamiani niliyoishi kama mpangaji nikiwa na miaka ishirini na mmoja. Mama Anna ni Mkatoliki, mtu wa Muheza, lakini kwa msiba wa Bi Mwanaidi alijitanda kanga akapika tangu alfajiri kama mtoto wa nyumba. Akaniegemea bega. "Naomi," akasema, "maadamu Bibi ametangulia, naweza kusema sasa. Ile ya pili mimi." Nilicheka hadi wafiwa wakanigeukia. Karatasi moja ya kura, na wenyewe watatu! Kwa siku kadhaa baada ya hapo nimekuwa nikiurudia mwaka ule, kama mtu apitaye nje ya nyumba aliyopanga zamani akashindwa kujizuia kuchungulia dirisha lake.

Dirisha langu lilitazama ukuta wa jirani, nami nililipenda hivyo hivyo. Chumba kilikuwa cha tatu kushoto katika ukumbi mrefu uliotoka barazani hadi uani, ukumbi wenye baiskeli mbili zilizoegemezwa ukutani na harufu ya nazi iliyokunwa isiyoisha. Mchana nilikuwa mpiga chapa katika duka dogo karibu na soko. Watu waliniletea barua zao za kuomba kazi, za kuomba talaka, za kuomba radhi, nami nikazinyoosha. Jioni nilirudi kwa Bi Mwanaidi. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika chumba cha brashi cha shamba la mkonge, pale nyuzi zinapopigwa mpaka zikang'aa, na vumbi lake lilikuwa limembakizia kikohozi kikavu alichokitumia kama spika wa bunge anavyotumia nyundo: alipokohoa mara mbili, mzungumzaji alijua amezidisha. Kila Alhamisi baada ya swala ya alasiri watu wapatao tisa walikusanyika uani kwake. Tulijiita Darasa. Tulisoma vijitabu vya ujamaa vilivyopoteza majalada, tukapokezana kurasa, tukabishana juu ya ardhi, bandari na haki ya mtu anayebeba mzigo wa mwenzake. Tulikuwa watu wa mrengo wa kushoto, lakini maneno hayo hatukuyatumia mtaani. Bakari, kuli wa bandarini, alisema majirani wakiyasikia watadhani tunakula kwa mkono wa kushoto, na hapo hata salamu watatunyima.

Darasa lilikuwa na sheria moja isiyoandikwa: hakuna kunawa kabla ya kura. Hoja ilizungumzwa, mikono ikanyooshwa, ikahesabiwa, ndipo birika la maji likapitishwa. Kwa sababu, alisema Bi Mwanaidi, mtu aliyekwisha kushiba hukubali chochote. Na aliyeshindwa ndiye aliyepewa ukoko. Bi Mwanaidi alipika wali wa nazi katika sufuria nzito, akaupalia makaa juu ya kifuniko, na chini yake ukaganda ukoko wa rangi ya kahawia, uliolowa tui, ambao katika nyumba nyingine watoto huugombania. Kwake haukuwa wa watoto. "Wengi wamechukua uamuzi," alikuwa akisema huku akikwangua, "wachache nao wasiondoke mikono mitupu." Bakari alituhumiwa waziwazi kupinga hoja kwa ajili ya tumbo. Siku moja alinyoosha mkono kabla hata hatujaanza. "Hoja ipi hiyo unayoipinga?" akaulizwa. "Sijaisikia bado," akajibu, "lakini naipinga." Nimeishi baadaye na vikundi vingi vya siasa, vyenye katiba zilizochapwa vizuri na mihuri, na sijakuta hata kimoja kilichojua la kumfanyia mtu aliyebaki peke yake.

Mwanzoni mwa mwaka ule alikuja Darasani kijana aitwaye Saidi, akitembea kwa gongo. Alikuwa mpakiaji katika yadi ya machungwa ya Alhaji Mbaruku, tajiri wa mtaani kwetu ambaye malori yake yalibeba matunda ya Muheza kupitia Horohoro hadi Mombasa. Saidi alikuwa ameanguka kutoka juu ya shehena, mguu ukavunjika, na yadi ikamwambia apumzike. Alipouliza apumzike mpaka lini, akaambiwa apumzike moja kwa moja. Wenzake sita waliomtetea wakafukuzwa naye. Mimi ndiye niliyepiga chapa barua yao. Nakumbuka tulivyoketi wote saba na mimi mkekani, wakinitajia maneno, na mmoja wao, mtu mzima mwenye mvi, akaniuliza kama neno "tunadai" si la ufedhuli. Bi Mwanaidi akamjibu yeye badala yangu: "Anayeomba hupewa akionewa huruma. Nyinyi mnataka huruma?" Wakasema hapana. Basi likaandikwa "tunadai", na Alhaji hakujibu. Tukawaambia wasipige magoti, nao hawakupiga. Wakaenda kutafuta vibarua kwingine, mmoja mmoja, na kila nilipokutana na Saidi njiani nilihisi nimemkopesha maneno ambayo mimi mwenyewe sijawahi kuyalipia.

Kisha ukaja uchaguzi wa diwani. Chama kimoja kidogo, kisicho hata na kipaza sauti, kilikubali kumsimamisha mtu wetu, Fundi Hoza, Mbondei mpole aliyetengeneza baiskeli kwenye kona ya barabara yetu. Kampeni zake zilifanyika hapo hapo, akiziba pancha, na wasikilizaji wake walikuwa wale ambao viraka vya matairi yao havijakauka. Diwani aliyekuwapo alikuwa ametangaza kwamba baada ya uchaguzi vibanda vya mama lishe mwishoni mwa barabara vitavunjwa, kikiwamo cha Mama Anna. Mpinzani mkubwa alikuwa Alhaji Mbaruku mwenyewe. Wiki mbili kabla ya siku ya kura akatuma mjumbe: Hoza akijitoa na Darasa likamfanyia kazi Alhaji, vibanda vitabaki.

Alhamisi ile ua ulijaa mapema. Hoza alizungumza kwanza, akitazama vidole vyake vyeusi kwa grisi. "Baiskeli nitaendelea kutengeneza," akasema. "Nikishindwa mimi, si kitu. Vibanda vikivunjwa, ni kitu."

"Hesabu haitaki mwalimu," akasema Bakari. "Hoza ana kura zetu na za wake zetu, na mke wangu mimi simwamini. Tukimpa Alhaji hizo chache, yule diwani anafungasha."

Nikasimama. "Na Saidi je? Tulikaa hapa hapa, kwenye mikeka hii, tukawaambia wale watu wasipige magoti mbele ya huyu bwana. Leo tutoke tukawaambie wampigie kura?"

Mama Anna hakupandisha sauti. "Naomi mwanangu," akasema, "wewe una mashine ya kupiga chapa. Mimi nina kibanda."

"Ndiyo maana naogopa, Mama Anna," nikasema. "Akishakulindia kibanda, nani kati yetu atakuwa na ulimi wa kumwambia habari za Saidi?"

"Msimamo, msimamo!" Bakari akaguna. "Msimamo ukiutia chunguni hauivi, dada yangu."

Bi Mwanaidi akakohoa mara mbili. Mikono ikanyooshwa: minane, na wa Hoza mwenyewe ukiwamo. Alipouliza wanaopinga, nikanyoosha wangu, nao ukaonekana mrefu kupita kiasi pale juu peke yake. Nilikuwa sina mtu mwingine katika mji ule. Watu wale wanane walikuwa ndio chakula changu cha jioni, ndio waliojua nikiumwa, ndio waliobadilisha jina langu kutoka "yule mpangaji" hadi "Naomi wetu". Nilijua kwamba nikipiga kura kama walivyoamua, nitabaki nao na nitajidharau. Na nikipiga kama nionavyo haki, huenda nikawa mpangaji tena. Maji yakapita. Bi Mwanaidi akakwangua sufuria, akaniwekea ukoko wote kwenye sahani, mkubwa kama kofia. Nami nikasema, "Sina njaa," nikaenda chumbani kwangu nikafunga mlango. Kupitia mlango ule nilisikia sauti ya Bakari, ya chini, isiyo na utani hata chembe: "Amesusa."

Asubuhi nilimkuta Bi Mwanaidi uani akichambua mbaazi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umeamkaje na njaa yako?"

Nikatazama mbaazi zake.

"Kupinga umepinga," akasema, "na umepinga vizuri, hata mimi nilitikisika. Lakini kususa? Chakula kilikukosea nini?"

"Niliona nikila nitakuwa nimekubali."

"Nani kakwambia? Ukoko ule si rushwa, mwanangu. Ule ni kukwambia Alhamisi ijayo tunakutaka tena. Tangu jana tunaulizana kama tumekuwa wanane."

Nikachuchumaa mbele ya ungo, nikaanza kuchambua naye, maana mikono yangu ilihitaji kazi. Nikamuuliza lililonikaba: kura yangu je? Akatupa mawe madogo pembeni. "Mikono ya Alhamisi inaamua kazi," akasema. "Kazi utafanya pamoja nasi, maana wewe ni wetu. Lakini mle kwenye kituturi, kwenye lile boksi la kupigia kura, mtu haingii na Darasa lake. Anaingia na roho yake." Bakari alipolisikia jibu hili hakulipenda. Alisema kikundi ambacho kila mtu ana roho yake kitazikwa na roho zake. Sikuwa na hakika kwamba amekosea. Hata leo, baada ya chaguzi nyingi na tamaa nyingi zilizovunjika, siku nyingine naamka nikiwa upande wa Bakari.

Kazi niliifanya. Niliwasindikiza wazee kwenda kutazama majina yao kwenye orodha zilizobandikwa, nikawasomea, nikagombana kwa ajili yao pale jina lilipokosekana. Waliponiuliza wampigie nani, nilisema, "Darasa limeamua Alhaji." Waliponiuliza, "Na wewe?" nilisema, "Mimi sikukubali." Nilidhani majibu haya yatatuharibia. Mzee mmoja wa barabara ya nyuma, mshona makobazi, akanitazama juu ya miwani yake na kusema, "Kumbe mnagombana huko kwenu! Basi ninyi si wahuni. Wahuni husema kitu kimoja." Akasema basi atampa Alhaji. Siku yenyewe nilipanga foleni nje ya darasa la shule ya msingi, katika jua la asubuhi lililokuwa bado halijakasirika, nyuma ya wanawake waliokuwa wakisimuliana bei ya samaki. Kwenye karatasi Fundi Hoza alikuwa amepigwa picha na koti la kuazima, kola imemkaba, anatazama kama mtu aliyeitwa kituo cha polisi bila kuambiwa kosa. Jina lake lilikuwapo, kwa sababu karatasi zilichapwa kabla hajajitoa. Niliweka alama yangu mbele ya koti lile. Nilitegemea kujisikia shujaa. Nilichokisikia ni utulivu mdogo, kama wa mtu aliyefua nguo zake zote na kuzianika.

Matokeo ya kituo chetu yalibandikwa kwenye ukuta wa shule, na asubuhi iliyofuata mtaa mzima ukawa pale. Bakari aliyasoma kwa sauti, kidole kikishuka taratibu. Alhaji alikuwa ameshinda kwa mbali, na kwa hesabu ya kata nzima ilikuwa hivyo hivyo. Kidole kikafika kwa Hoza.

"Mbili!" akasema. Akanigeukia. "Moja namjua mwenyewe."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka kwa woga.

"Ya pili nani?" Akamkazia macho Hoza.

"Haki ya Mungu sikujipigia," Hoza akaapa. "Nilisema nimejitoa, nikajitoa." Lakini alikuwa amesimama wima kuliko kawaida yake, na alirudi kusoma ile karatasi mara mbili zaidi siku ile, akijifanya ana baiskeli ya kupeleka upande wa shule. Sisi wengine tukatazamana. Miongoni mwa wale wanane waliokuwa wamenyoosha mikono, au wake zao, au majirani waliokula chumvi yetu, mtu mmoja alikuwa ameingia mle na kufanya kama mimi. Nilitembea kurudi nyumbani nikimtazama kila niliyempita kana kwamba ndiye. Huo ndio ujamaa nilioujua kwanza kwa mwili wangu, nao haukutoka kitabuni: kumtendea kila mtu wema kwa sababu huenda ndiye yeye. Hoza alikufa akiendelea kuapa. Bakari alikuja kuniungamia miaka mingi baadaye, hospitalini, akisubiri kupasuliwa henia. Mshona makobazi naye alinidokeza kabla yake, ingawa nilimsikia kwa masikio yangu akisema atampa Alhaji. Sasa Mama Anna. Sitaki kujua nani kati yao anasema kweli. Wameona fahari kuidai, na hilo linanitosha.

Niseme na upande wa pili, maana bila hivyo nitakuwa najisifu. Alhaji hakuvunja vibanda. Mama Anna alipika pale mpaka magoti yalipomkataa. Bakari alikuwa sahihi kabisa, na kama wote wangepiga kura kama mimi, mama lishe kumi na wawili wangelala bila kazi ili roho yangu itulie. Lakini nilivyoogopa ndivyo ilivyokuwa pia. Darasa lilipeleka wajumbe kwa diwani mpya kumkumbusha habari za Saidi, wakapokelewa kwa kumbatio, "watu wangu hawa!", wakanyweshwa soda baridi, wakarudi na ahadi. Wakaenda tena, soda tena. "Mtu akishakuita wake," Hoza akasema kwa huzuni, "mdomo unakuwa mzito." Alhamisi iliyofuata Bi Mwanaidi akasema aende yule asiyekuwa na fadhila ya kulipwa wala kulipa. Wote wakanigeukia. Mikono ikanyooka minane, na safari hii nikaona haya kunyoosha wa tisa.

Wapakiaji watano walirudi kazini kabla ya mwezi kwisha, mmoja wao Saidi, aliyewekwa langoni, kazi ya kukaa. Wawili hawakurudi. Nalitaja hapa upesi, kwa sababu si hilo ninalolikumbuka zaidi. Ninachokikumbuka ni yadi yenyewe saa nne asubuhi, imejaa machungwa na harufu yake kali iliyoingia mpaka kooni, na Alhaji ameketi kwenye kiti cha plastiki chini ya banda la bati, mnyapara wake akimpepea nzi kwa daftari. Mimi nilisimama, Saidi na wenzake wawili nyuma yangu.

"Ndiye Naomi wewe?"

"Ndiye mimi. Shikamoo, Alhaji."

"Marahaba. Nasikia hukunipa kura."

"Sikukupa."

Mnyapara akaacha kupepea. Alhaji akatabasamu kidogo, si kwa ubaya. "Sasa waja kwangu kutaka nini?"

"Nimekuja kwa diwani wangu. Waliokupa kura walikuja, ukawakirimu, kwa sababu ni watu wako. Mimi si mtu wako, Alhaji, usinikirimu. Nataka jibu tu. Hawa watu saba, unawarudisha au huwarudishi?"

Akamtazama Saidi, akautazama mguu, akatazama pembeni. "Nendeni. Nitalifikiria."

"Tutangoja."

"Mtangoja wapi?"

"Hapa."

Tukakaa juu ya matenga matupu yaliyofudikizwa. Sikumbuki kama tulipanga kukaa mbele ya lori la Horohoro, lililokuwa limekwisha kupakiwa, lakini ndipo tulipokaa, na dereva akazima injini akashuka kutafuta chai. Jua likapanda. Wanawake waliochambua machungwa walipunguza kasi ya mikono yao ili wasikie, ingawa hakuna aliyekuwa akisema. Nilikuwa nimekwisha kujiandaa kukaa hivyo hadi jioni, sisi wanne, kisha turudi. Ndipo Bi Mwanaidi akaingia langoni na mwavuli wake, akamwamkua Alhaji kwa adabu zote, akaja akakaa kushoto kwangu. Hoza akafuata, akisukuma baiskeli ya mteja. Mama Anna akaja akiwa na aproni yake kiunoni. Kibanda chake kilikuwa kimesimama kwa neno la mtu yule aliyekuwa akimtazama kutoka kwenye kiti cha plastiki, na yeye akavuta tenga, akakaa akimtazama vilevile. Wakaja wengine, wote wale walionyoosha mikono kinyume changu, mpaka matenga yakatuishia. Wa mwisho alikuwa Bakari, katoka zamu, gunia bado begani, shati limemganda kwa jasho. Akamsalimia Alhaji. Akatuzunguka, akahesabu kimya kimya kama anavyohesabu shehena, akaja kusimama mbele yangu na kunifunika jua.

"Sogea," akasema.

Nikasogea.